Punda Akifa, Mzigo Haufiki: Somo kwa Kamati za Parokia



Katika kikao kimoja cha kupanga msaada wa ukame, tulipendekeza sehemu ndogo ya fedha itumike kwa chakula na matibabu ya punda. Mzee mmoja wa kamati alisimama akauliza: "Watu wana njaa, na ninyi mnazungumzia punda?" Wengi walitikisa vichwa kumuunga mkono. Swali lake lilikuwa la haki, na kila kamati itaulizwa swali hilo hilo. Somo la toleo hili ni jibu letu.

Msemo unaosikika sana kwetu ni huu: punda afe, mzigo ufike. Wakati wa neema msemo huu huwachekesha watu. Wakati wa ukame ni uongo. Pale ambapo maji yako kilomita nyingi kutoka nyumbani, punda akifa mzigo haufiki, na mzigo wenyewe ni maji ya watoto.

Kosa tulilofanya

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Katika msimu mmoja mgumu tulipeleka mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia katika kituo kimoja cha kugawia. Tulihesabu kaya, tukapima magunia, tukaandika majina. Kila kitu kilikuwa sawa kwenye karatasi. Siku ya kugawa, akina mama wengi walifika wakiwa wametembea saa tatu au nne. Mmoja wao alimwambia paroko: "Baba, chakula ni kizuri na tunashukuru. Lakini nani atakibeba? Punda wangu wawili wamekwisha."

Siku hiyo tuliona wanawake wakiacha nusu ya mgawo kwa jamaa wa karibu na kituo, au wakiuza kilo kadhaa papo hapo ili kumlipa mwenye pikipiki awabebee zilizobaki. Tulikuwa tumejaza ghala na kusahau njia ya kutoka ghalani hadi nyumbani. Hatukuuliza hata mara moja wanyama wa kazi wako katika hali gani. Laiti tungeuliza miezi miwili mapema, wengi wa punda wale wangeweza kuokolewa.

Ukame wa 2020 hadi 2023

Wasomaji wengi wanakumbuka ukame uliotupata hivi karibuni. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu 5 ya mvua ilifuatana bila kunyesha vya kutosha katika maeneo kame ya Kenya, na pia Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mwezi Septemba 2021 serikali ya Kenya ilitangaza ukame huo kuwa janga la taifa. Kufikia mwanzoni mwa 2023, watu zaidi ya milioni 4 katika kaunti kame walihitaji msaada wa chakula, na mifugo zaidi ya milioni 2 walikuwa wamekufa.

Katika ukame wa namna hiyo, ng'ombe hutangulia kufa, kisha kondoo. Punda huvumilia zaidi. Anaweza kupoteza maji mengi mwilini na bado akatembea, na akifika kisimani huyarudisha kwa kunywa kwa muda mfupi. Kwa sababu ya uvumilivu huo tunamsahau. Ng'ombe wakikonda, mwenye mali hulia. Punda akikonda, tunaongeza dumu jingine kwa sababu kisima kimekuwa mbali zaidi. Ndivyo kazi yake inavyozidi wakati chakula chake kinapungua, hadi siku moja analala njiani na hainuki tena.

Hesabu ya maji

Kamati zetu hupenda hesabu, na ni vizuri. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani kote, vinasema mtu mmoja anahitaji angalau lita 15 za maji kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Familia ya watu 6 inahitaji lita 90.

Tuseme kisima kiko kilomita 8 kutoka nyumbani. Kwenda na kurudi ni kilomita 16, bila kuhesabu muda wa foleni. Mama anaweza kubeba dumu moja la lita 20 mgongoni, na hawezi kufanya safari ya pili siku hiyo. Familia yake itaishi kwa lita 20, yaani lita 3 na kidogo kwa kila mtu. Akiwa na punda 2, na kila mmoja abebe madumu 2 tu, atarudi na lita 80. Hizo zinakaribia kiwango kinachotakiwa, na mgongo wake umepumzika.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mzee wetu. Punda wakifa, binti huacha shule ili abebe dumu la pili, naye mtoto mchanga huachwa nyumbani muda mrefu bila mama. Kwa hiyo kumtibu punda ni sehemu ya huduma ya maji, ya shule na ya afya ya mtoto.

Kwa nini tusisubiri tununue wengine?

Wengine husema: ukame ukiisha tutanunulia watu punda wapya. Tazameni muda unaohitajika. Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12, na mtoto wake hapaswi kubebeshwa mizigo mizito kabla ya miaka 3 au 4. Kwa hiyo punda aliyekufa leo hujazwa nafasi yake kwa kuzaliana baada ya miaka 4 hadi 5.

Kununua nako kumekuwa kugumu. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, na ile ya 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2. Katikati ya sensa hizo, kuanzia 2016, vilifunguliwa vichinjio vya punda vilivyouza ngozi nje ya nchi, na wizi wa punda ukaenea vijijini. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ni hatua njema, lakini punda waliokwisha kwenda hawarudi. Aliye hai zizini leo ndiye wa kumtunza.

Msaada wenyewe uanzie wapi

Tunaposema "msaada wa matibabu ya wanyama", watu hufikiria sindano. Kwa punda wa ukame, sindano mara nyingi si ya kwanza. Utaratibu tunaowashauri ni huu.

Kwanza, maji. Punda anayefanya kazi kwenye joto anahitaji lita 10 hadi 25 kwa siku. Mara nyingi tumeona punda akisimama saa nyingi kwenye foleni ya kisima, akapakiwa maji na kuondoka bila kunywa, kwa sababu mgawo ni wa watu. Kamati ya maji ikubaliane kwamba punda anywe kabla ya kupakiwa, na hori la wanyama lijengwe mbali kidogo na bomba la watu ili maji ya watu yasichafuke.

Pili, kupunguza mzigo. Punda wengi wa kwetu wana uzito wa kilo 120 hadi 150. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50. Hayo ni madumu 2 ya lita 20. Madumu 4 ni kilo 80, na kwa punda aliyekonda huko ni kumuua polepole. Usitazame manyoya yake, maana huficha mifupa. Papasa mbavu, uti wa mgongo na nyonga kwa mkono. Mifupa ikisikika mikali kama ncha ya ubao, apumzishwe.

Tatu, chakula. Punda mmoja anahitaji takriban kilo 2 hadi 3 za majani makavu kwa siku. Robota la kilo 15 linamtosha siku 5 hadi 7. Kwa punda 40 kwa siku 60, ukihesabu kilo 2 na nusu kila siku, unahitaji kilo 6,000, yaani marobota 400. Kama fedha hazitoshi, anzeni na majike wenye mimba au wanaonyonyesha, na wale wanaobeba maji ya kaya zisizo na msaada mwingine.

Nne, vidonda. Shogi na kamba hukwaruza ngozi iliyobaki mifupa. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Msitie oili chafu ya gari wala maji ya betri, kama tulivyoona mahali pengi. Chini ya mzigo pawekwe gunia lililokunjwa au blanketi kuukuu, lenye nafasi katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Kumbukeni kwamba ugonjwa tunaouita pepopunda humpata punda mwenyewe kwa urahisi kupitia vidonda. Chanjo yake ipo. Mwulizeni daktari wa mifugo.

Tano, dawa. Hapa ndipo zinapoingia dawa za minyoo, matibabu ya macho, kwato na meno, na chanjo. Dawa ya minyoo iliyotolewa kwa mnyama asiye na chakula wala maji ni fedha iliyomwagwa mchangani.

Wema unaoweza kuua

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa sauti katika kila kikao, kwa sababu punda wengine hufa kwa mkono wa watu wenye nia njema.

Punda si ng'ombe. Hacheui. Vyakula na dawa vilivyotengenezwa kwa ng'ombe vinaweza kumdhuru. Dawa iitwayo monensin, inayochanganywa katika baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku, ni sumu kali kwa moyo wa punda na farasi. Matofali ya molasi na urea ni ya wanyama wanaocheua, hivyo punda asipewe. Dawa ya kupe yenye amitraz, inayotumika sana katika majosho, haifai kwa punda kwani inaweza kufunga utumbo wake. Soma kibandiko, na kama huelewi, uliza kabla ya kutumia.

Mahindi ya msaada yaliyoota ukungu msimmwagie punda kwa kusema ni hasara kuyatupa. Ukungu huo huharibu ubongo wake, na hakuna tiba. Hata mahindi mazuri, punda mwenye njaa akipewa mengi kwa mara moja atapata msokoto wa tumbo au maumivu makali ya kwato. Aliyekaa na njaa muda mrefu aanze na majani kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kisha yaongezwe polepole.

Ishara moja isipuuzwe kamwe: punda anayeacha kula ghafla, akainamisha kichwa na masikio. Mwili wake huanza kumwaga mafuta kwenye damu, na ini lake huharibika kwa siku chache tu. Majike wenye mimba na wanaonyonyesha wako katika hatari zaidi. Huyo si wa kusubiri hadi kesho. Mpigieni simu daktari siku hiyo hiyo.

Mvua ikinyesha, kazi haijaisha

Mvua zilirudi mwezi Machi 2023, na zile za Oktoba hadi Desemba mwaka huo zikaja na mafuriko. Watu waliimba, na walikuwa na haki ya kuimba. Lakini wanyama waliodhoofika hufa kwa wingi katika juma la kwanza la mvua. Manyoya ya punda hayazuii maji vizuri kama ya farasi, hivyo akilowa usiku mzima bila mafuta mwilini baridi humwua. Matope hulainisha kwato na kuziozesha. Minyoo nayo huongezeka pamoja na majani mabichi.

Kwa hiyo kamati isifunge daftari lake siku ya mvua ya kwanza. Banda la miti na turubai, mahali pa juu pasipotuama maji, lijengwe kabla ya mawingu kukusanyika. Dawa ya minyoo hufanya kazi yake vizuri wakati huu. Bakini na robo ya bajeti kwa ajili ya miezi miwili baada ya mvua.

Nani afanye kazi hii

Tangu 2013 huduma za mifugo nchini Kenya ziko chini ya kaunti. Mtu wa kwanza kumwona ni daktari wa mifugo wa kaunti au wasaidizi wake katika kaunti ndogo. Msilete dawa kwa gari na kuzigawa bure bila wao. Mwenye duka la dawa za mifugo hukosa wateja, hufunga, na mwaka unaofuata hakuna wa kumwendea. Njia bora ni vocha: kamati humpa mwenye punda karatasi, naye hutibiwa mnyama wake na mtaalamu wa hapo hapo, kisha kamati humlipa mtaalamu kwa kuhesabu vocha. Fedha hubaki kijijini na huduma hubaki pia.

Njia hii inakubaliana na miongozo ya LEGS kuhusu mifugo wakati wa dharura, iliyotolewa mara ya kwanza 2009 na kutolewa upya mara ya tatu 2023. Miongozo hiyo inasisitiza jambo jingine tulilojifunza kwa uchungu: waulizeni wenye wanyama kabla ya kupanga. Katika jamii nyingi za wafugaji punda ni wa akina mama. Kamati ya wanaume watupu itazungumza juu ya ng'ombe saa nzima na kumtaja punda wakati wa sala ya kufunga. Wekeni akina mama wabeba maji kwenye kamati, nao wataje wenyewe punda gani aanze.

Yapo mambo kama haya mbali na kwetu pia. Baada ya tetemeko la Nepal la tarehe 25 Aprili 2015, barabara za milimani zilifungwa na maporomoko, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitumia wachukuzi na nyumbu kufikisha chakula vijijini. Pale gari linapokoma, mnyama wa kazi ndiye anayemalizia safari ya msaada.

Neno kwa wafadhili

Ndugu zetu mnaotoa, tunajua mnaulizwa fedha zenu zilifanya nini. Baada ya ukame wa 2011, shirika lililoitwa wakati huo WSPA lilipeleka matibabu ya dharura kwa mifugo ya Mwingi, Ukambani. Tathmini ya kiuchumi iliyofuata ilionyesha kwamba kila dola 1 iliyotumika ilizuia hasara ya dola 2.74 katika mwaka mmoja. Hesabu hiyo ni ya mifugo kwa jumla. Kwetu sisi ongezeni lita za maji zilizofika nyumbani na siku ambazo mabinti hawakukosa shule.

Tunawaomba jambo moja zaidi: fedha zije mapema. Taarifa za ukame za kaunti hutolewa kila mwezi, nazo hutaja umbali wa kwenda kuchota maji. Umbali huo ukianza kurefuka, huo ndio wakati wa kununua majani, bei ikiwa bado chini na punda wakiwa bado na nguvu. Tukisubiri picha za mizoga, tumechelewa.

Neno la kutafakari

Kitabu cha Kutoka, sura ya 23 mstari wa 5, kinatoa agizo la ajabu. Ukimwona punda wa adui yako amelala chini ya mzigo wake, usimwache. Msaidie mwenyewe kumwinua. Agizo hilo halisubiri tupatane kwanza na mwenye punda, na halisemi tumwinue mtu peke yake. Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 12, siku ya mapumziko inatajwa kuwa ya ng'ombe na punda pia. Kamati iliyo katika eneo lenye ugomvi wa malisho ikae na mistari hii miwili kwa muda. Siku ya matibabu ya punda inaweza kuwa siku ya kwanza majirani wawili waliokosana kusimama zizi moja.

Yule mzee wa kamati alisikiliza hesabu ya maji hadi mwisho. Kisha akasema, "Basi andikeni punda, lakini andikeni pia nani atawahesabu." Tulimteua yeye. Anayo daftari hadi leo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika parokia yetu, ni kaya ngapi hutegemea punda, ng'ombe wa kukokota au mnyama mwingine wa kazi kwa maji, kuni au mavuno? Nani anajua idadi hiyo?

2. Kisima cha mwisho kukauka kiko umbali gani? Bila punda, nani katika familia angebeba maji?

3. Je, wanyama hunywa kabla ya kupakiwa? Kama sivyo, tuzungumze na nani?

4. Daktari wa mifugo aliye karibu nasi ni nani, na namba yake iko ukutani mwa ofisi ya parokia?

5. Ni akina mama wangapi wenye punda walio kwenye kamati yetu?

6. Tunaweza kuhifadhi marobota mangapi ya majani baada ya mvua ijayo, na wapi?